Ya Tatu Mpe Jembe: Mafunzo ya Wakufunzi Guangyuan Xilu

Anayeijua Guangyuan Xilu hukumbuka kwanza mlio wa selotepu. Nyuma ya stesheni ya reli ya Guangzhou, jirani na Sanyuanli, majengo ya nguo za jumla yamepangana, na kila mlangoni kuna mtu anayefunga robota, anayepima mzigo au anayebishania bei kwa kikokotoo. Wateja wengi ni Waafrika. Miongoni mwao wamo wa Kariakoo, wa Eastleigh na wa Kampala, na hao ndio wanafunzi wetu. Kila Jumamosi jioni sisi wanachama huwafundisha Kichina cha sokoni kwenye meza tatu za nyuma ya mkahawa mmoja, bila ada, kwa nauli na sahani ya wali.

Kwa muhula mzima tulijiona tunafanya kazi nzuri. Kisha mama mmoja, muuza suruali za watoto, akapata hasara.

Alikuwa ameagiza suruali za sikukuu. Muuzaji akamtumia ujumbe wa sauti kwamba mzigo utakuwa tayari tarehe 10. Mama akasikia tarehe 4. Kontena la wakala wake lilikuwa linafungwa tarehe 6, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Tarehe 4 ilipofika hapakuwa na mzigo. Kontena likaondoka, na suruali zikafika Dar es Salaam Idi imeshapita.

Chanzo cha kosa ni matamshi. Katika Kichina sanifu kumi ni shí na nne ni sì. Sikio la Mswahili hushika tofauti ya sh na s, likadhani limemaliza kazi. Lakini wasemaji wengi wa kusini mwa China hutamka zote mbili kwa s. Kinachobaki kuzitenganisha ni toni tu, ya kumi inapanda na ya nne inashuka. Mkufunzi wake alilijua hilo. Hakuwahi kumfundisha, kwa sababu kila ujumbe wa sauti ulipoingia mama alimpelekea yeye, naye akajibu papo hapo. Siku ile alikuwa kwenye mtihani, simu imezimwa.

Mama hakumlaumu. Alisema tu, "Mwanangu, umenisaidia sana. Lakini ukizima simu, mimi ninakuwa bubu." Kauli hiyo ilituuma kuliko lawama.

Tukakaa kikao. Wenzetu wawili walikuwa wamerekodi vipindi vyao kwa idhini ya wanafunzi, tukavisikiliza. Sauti iliyojaa mwanzo hadi mwisho ni ya mkufunzi. Mwanafunzi akisita kidogo, jibu limeshatoka. Kumbe tulikuwa wakalimani tuliojiita wakufunzi. Na tukisema ukweli, tulipenda iwe hivyo. Kupigiwa simu kila saa na watu wazima wenye biashara zao kunampa kijana wa miaka 21 heshima asiyoipata darasani.

Wazo la kumwachia mwanafunzi si geni kwetu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zilee akili inayohoji, si ya kupokea tu. Kati ya 1968 na 1972 mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, uliendeshwa Mwanza na mikoa jirani ya Ziwa Viktoria. Watu wazima walisoma kwa vitabu vya pamba, ndizi na uvuvi, yaani kazi walizozifanya kila siku. Hapa China, mwanaelimu Ye Shengtao, aliyefariki mwaka 1988, alisisitiza kwamba lengo la kufundisha ni kufika mahali ambapo kufundisha hakuhitajiki tena. Wahenga wetu walishafupisha: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tukaifuata methali hiyo, tukapanga mafunzo ya wakufunzi kwa Jumamosi tatu.

Jumamosi ya kwanza tuligeuzwa wanafunzi. Mwanachama mzaliwa wa Guangzhou alitufundisha Kikantoni, akiwa ameagizwa kujibu kila swali upesi. Baada ya nusu saa tulijiona tumejua mengi. Alipotoka nje, hatukuweza kununua hata chupa ya maji.

Ya pili ilikuwa ya kunyamaza. Mwanafunzi akikwama, mkufunzi ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Akilazimika kusema, aulize kwanza: umesikia nini? Utahakikishaje? Kwa suala la tarehe, jibu zuri si lazima liwe toni. Mtu anaweza kumwomba muuzaji aandike namba, au kuonyesha kwa mikono kama wafanyavyo hapa: vidole vinne kwa nne, vidole viwili vya shahada vilivyopishana kwa kumi. Anayejua njia ya kuhakiki haponzwi na sikio lake.

Ya tatu ndiyo ya jembe. Mwanafunzi anashika daftari lake mwenyewe, anachagua atakachojifunza wiki ijayo, na tangu mwanzo anakubaliana na mkufunzi siku ya kuagana.

Mama wa suruali aliendelea kuja. Jioni moja alifungua daftari, akaonyesha alichoandika: suruali ni tiao, barabara ni tiao, samaki ni tiao, shati ni jian. Akauliza, "Hivi hizi tiao si vitu virefu? Kumbe na wao wana ngeli!" Mkufunzi alikuwa na maelezo ya nusu saa kuhusu maneno ya kuhesabia. Akayameza.

Si wote waliofurahi. Mfanyabiashara mmoja alituambia wazi kwamba ana siku sita mjini na hakuja kufanywa mtoto wa shule. Anataka mtu wa kumsemea. Ana haki. Huyo anahitaji mkalimani, na ni heri aambiwe siku ya kwanza. Tena kuachia si kutelekeza: mkufunzi anayenyamaza kwa sababu hakuandaa kipindi ni mvivu tu.

Tunalileta jambo hili chamani kwa sababu hata chuoni tuna deni. Wenzetu Wachina wa mwaka wa kwanza hutuletea insha za Kiswahili, nasi husahihisha upatanisho wa kisarufi kwa wino mwekundu hadi insha inakuwa yetu. Tunapendekeza kuanzia muhula ujao tupige mstari chini ya kosa, na mwenye insha alitafute mwenyewe. Walimu wetu tunaomba watukague.

Mama amerudi mjini kwa mzigo wa sikukuu nyingine. Alimpigia mkufunzi wake akiwa darasani, hakupokea. Alipotoka akapiga kuuliza, "Mama, kulikoni?" Akajibiwa kwamba mambo yamekwisha, muuzaji ameandika tarehe kwa mkono wake mwenyewe. Mwenzetu anakiri kwamba alifurahi, na kwamba kwa dakika chache alijihisi ameachwa. Jumamosi iliyofuata alipewa mwanafunzi mpya, na la kwanza waliloandika daftarini ni siku ya kuagana.