Kabla ya Rimu ya Spoti, Soma Namba ya Uzito

Mwenye Hiace akitaka gari lake lipendeze, huanza na rimu. Ile ya chuma iliyotoka nalo kiwandani Japani inavuliwa, inafungwa ya spoti ya inchi 17 au 18, kisha linatafutwa tairi la kuenea kwenye rimu hiyo. Mpangilio huo umeanzia mkiani. Kwa gari dogo la abiria na mizigo, kinachochaguliwa kwanza ni tairi, na tairi lenyewe huchaguliwa kwa uzito litakaoubeba. Rimu hufuata mwisho.

Wilaya ya Manyoni inalichosha tairi kwa namna tatu. Ya kwanza ni mwendo mrefu kwenye lami ya moto: barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida na Mwanza inapita hapa, na gari likitoka Bahi hukimbia kwenye joto la bondeni, likapita Kintinku, kisha likapanda ukingo wa Bonde la Ufa na mzigo wake wote. Ya pili ni changarawe na makorongo ya njia za vijijini, pamoja na safari za kutoka Itigi kuelekea Rungwa. Ya tatu ni mwiba. Mwiba wa mgunga hauulizi tairi limenunuliwa bei gani, na ukipenya ubavuni, hapo si mahali pa kuziba pancha ukawa na amani. Juu ya hayo kuna mzigo wenyewe: alizeti, mtama, ndoo za asali na magunia ya lumbesa. Dereva huyahesabu magunia kwa idadi. Tairi linayahesabu kwa kilo.

Namba zinavyosomeka

Chukua tairi la kawaida la Hiace ya kizazi kilichoanza mwaka 2004. Ubavuni pameandikwa 195/80R15 107/105N LT. Ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 80 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 156. R inaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni inchi za rimu. Wanunuzi wengi huishia kusoma hapo.

Zinazobaki ndizo zenye kazi. 107 ni namba ya uzito. Yenyewe si kilo, ila ina kilo zake kwenye jedwali linalotumiwa na watengenezaji wote duniani: 107 ni kilo 975 kwa tairi moja. 105 ni kilo 925, nayo hutumika pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja, kama nyuma ya malori. Hiace yenye tairi moja kila kona inasoma namba ya kwanza. N ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 140 kwa saa. LT, au herufi C kwenye matairi yanayofuata utaratibu wa Ulaya, inakuambia kwamba tairi limejengwa kwa ajili ya mizigo: tumbo lake lina nguvu zaidi, na linastahimili upepo ambao tairi la gari la kutembelea haliwezi, hadi psi 65 kwa baadhi ya saizi. Mengine huandikwa 6PR au 8PR. Zamani namba hiyo ilihesabu tabaka za pamba zilizomo ndani; siku hizi ni daraja la nguvu tu.

Hesabu ya inchi 18

Sasa tufunge rimu ya spoti. Tuseme mwenye gari amependa tairi la 225/50R18. Akipima kipenyo ataridhika, kwa kuwa tairi la kiwandani lina milimita 693 na hili lina 682. Tofauti haifiki asilimia 2, wala spidomita haitadanganya sana. Lakini tairi la saizi hiyo kwa kawaida ni la gari la kutembelea, na namba yake ya uzito ni 95, yaani kilo 690. Matairi mawili ya nyuma yaliyokuwa na uwezo wa kilo 1,950 sasa yana kilo 1,380. Zimepotea kilo 570, karibu magunia sita ya kilo mia. Springi ni zile zile, injini ni ile ile, na gari bado litaondoka stendi na magunia yale yale bila kulalamika.

Tairi lililozidiwa halipasuki stendi. Kila linapozunguka ubavu unabonyea na kurudi, mpira unapata joto, tabaka za ndani zinaanza kuachana, nalo linakuja kupasuka njiani, jua likiwa kali na gari likiwa kwenye mwendo. Hapo dereva hulaumu lami au jua, na kosa lilishafanyika dukani.

Wengine huongeza upepo wakidhani wamefidia. Hawajafidia kitu. Kilo 690 za tairi la namba 95 zimepimwa likiwa na upepo wa takriban psi 36. Ukilijaza hadi 50, uwezo wake unabaki pale pale, ila sasa linadunda juu ya mawe na kulika katikati. Halafu ubavu umeshuka kutoka milimita 156 hadi 113. Kwenye korongo la ghafla, ubavu mfupi unabanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu. Ama tairi linachanika, ama rimu inapinda, na mara nyingine vyote viwili.

Je, mtu asibadilishe kabisa? Abadilishe, ila kwa hesabu. Lipo tairi la 215/65R16C lenye namba 109/107. Hilo linabeba kilo 1,030, kipenyo chake ni milimita 686 na ubavu wake ni 140. Lipo pia la 215/60R17C lenye namba hizo hizo za uzito, kipenyo 690 na ubavu 129. Yote mawili yanalipita la kiwandani kwa uwezo. Ambaye kazi yake haitoki kwenye lami ya Dodoma na Singida anaweza kwenda hadi inchi 17 akawa salama. Anayefuata mzigo vijijini abaki kwenye 15, au apande hadi 16 na asivuke. Dukani ulizia herufi C. Muuzaji akikuambia saizi ni hiyo hiyo ila C haipo, anakuuzia tairi jingine kabisa.

Noah na kirikuu

Noah ina hesabu zake. Kizazi cha mwaka 2001 hadi 2007 kilikuja na tairi la 195/65R15 la namba 91, yaani kilo 615. Manne yanafanya kilo 2,460. Gari tupu lina takriban tani moja na nusu, kwa hiyo zinabaki kilo 900 na ushei kwa watu, mafuta na mizigo, na hapo tunachukulia kwamba uzito umegawanyika sawa. Haugawanyiki sawa. Abiria wa viti vya nyuma na mabegi ya kwenye buti wanalalia matairi mawili tu. Noah ya watu 8 ikipakia 12 na mizigo yao, akiba yote imekwisha kabla haijatoka mjini. Lipo tairi la saizi ile ile lenye alama ya XL na namba 95, linalobeba kilo 690. Mwenye Noah ya biashara anunue hilo, ingawa halimhalalishii abiria wa kumi na mbili.

Kirikuu, yaani Suzuki Carry, hudanganya macho kuliko yote. Tairi lake la 145R12 6PR linaonekana dogo mno kwa kazi linayofanya, ndiyo maana wengine hulitoa na kuweka 155/65R14 la kigari cha kutembelea. Gari linanyanyuka na kupendeza. Lakini lile dogo linabeba kilo 450, na hili kubwa, lenye namba 75, linabeba 387. Kipenyo nacho kimeongezeka hadi milimita 557, kwa hiyo gari linakwenda kasi kuliko dashibodi inavyohesabu, kwa asilimia kadhaa. Penye kibao cha 50, askari mwenye tochi hasomi dashibodi yako.

Vipimo vinne vya rimu

Ukishajua tairi, ndipo unatafuta rimu, nayo ina mambo manne ya kupima.

La kwanza ni studi. Hiace tunayoizungumzia ina studi sita kwenye duara la milimita 139.7; Noah ina tano kwenye 114.3, kirikuu ina nne kwenye 100. Rimu ambayo matundu yake yamelazimishwa kwa kuchongwa haifai hata ikiwa ya bure.

La pili ni tundu la katikati. La Hiace ni milimita 106.1, sawa na la Prado, na hapo ndipo unapoona rimu za Prado zikihamia kwenye Hiace. Rimu ya Mitsubishi L200 nayo ina studi sita kwenye duara lile lile, lakini tundu lake ni milimita 67.1, hivyo haiingii. Fundi akijitolea kulipanua, mkatalie, kwa sababu anakata nyama ya rimu mahali inapobebea uzito. Tundu likiwa kubwa kuliko linavyotakiwa, funga pete ya kujazia. Bila pete, usukani unaweza kutetemeka hata baada ya kubalansi.

La tatu ni ofseti, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaogusa habu na mstari wa katikati ya upana wake. Rimu ya chuma ya Hiace ina upana wa 6J na ofseti ya +35. Ukiweka ya 6.5J yenye +38, ukingo wa nje unasogea milimita 3 tu, na gari halitajua kama limebadilishiwa. Ukiweka ya 8J yenye +20, ukingo unatoka nje milimita 40. Beringi zinabeba mzigo kwa kuning'inia, usukani unakuwa mzito, tairi linasugua madigadi gari likishapakia, na mawe ya changarawe yanarushwa moja kwa moja kwenye bodi. Spesa za kusukuma rimu nje zinaleta madhara hayo hayo.

La nne ni nati. Baadhi ya rimu za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati yenye washa bapa. Rimu nyingi za spoti hutaka nati yenye kichwa cha koni. Ukichanganya, nati inashika sehemu ndogo tu ya rimu, inalegea taratibu, na unaweza kuachwa na gurudumu njiani. Nati za Toyota na za Suzuki pia hazina hatua moja ya nyuzi, ingawa kwa macho zinafanana. Kaza kwa kupishanisha, kwa spana ya kupimia nguvu, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukifungia rimu Manyoni na kwenda Dodoma, simama Bahi uzikague.

Chuma au aloi

Geuza rimu ya spoti utazame nyuma yake. Zilizopimwa kwa viwango vya Japani zina alama ya JWL kwa magari ya abiria, au JWL-T kwa malori na mabasi. Hiace ya mizigo inastahili hiyo ya pili. Rimu isiyo na alama yoyote wala uzito ulioandikwa usiifunge kwenye gari linalobeba watu.

Kwa njia za vijijini, mimi napendelea chuma. Rimu ya chuma ikigonga jiwe inapinda, na ukingo uliopinda kidogo unaweza kunyooshwa. Aloi hupasuka, pengine kwa ufa mwembamba unaovujisha upepo polepole, na aloi iliyochomelewa haifai kurudi kwenye gari la biashara. Faida ya aloi ni wepesi na kupoza breki, na faida hizo zinaonekana zaidi kwenye lami.

Umri na msimu wa tairi

Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa muda mrefu huwa gumu na kuanza kupasuka nyufa ubavuni, hata kama meno yake hayajaguswa. Gari lililotoka sehemu za baridi za Japani laweza pia kuja na matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS au alama ya kipande cha theluji ubavuni. Mpira wake umefanywa laini ili ushike barafu. Juu ya lami ya joto ya kati ya Bahi na Manyoni unalika haraka na kupata moto kupita kiasi. Yanaonekana mapya, kumbe hayafai huku.

Upepo wenyewe usiukisie kwa kupiga teke. Kibandiko kwenye mlango wa dereva kinataja kiasi cha mbele na cha nyuma, mara nyingi kwa kPa. Gawa kwa 6.9 upate psi, ili 300 iwe kama 44. Kama umebadili saizi au aina ya tairi, pata kiasi kipya kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi hilo. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, wala usipunguze upepo njiani kwa sababu tu tairi limepata moto.

Fedha ikiwa ya kutosha kitu kimoja, nunua matairi manne ya C yenye namba ya uzito isiyopungua ile ya kiwandani, uyafunge kwenye rimu zile zile za chuma, ukiongeza nati nzuri na kipima upepo chako mwenyewe. Ikibaki, ikatengeneze shokapu na alaimenti. Rimu ya spoti ikae mwisho wa orodha, na siku ikifika zamu yake, nenda dukani na uzito na ofseti vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi, kwa maana muuzaji atakuonyesha rangi kwanza.