Mpangaji Hayumo Kwenye Daftari la Fidia

Mtaa unapotakiwa kupisha mradi, mthamini hufika na daftari, nyumba hupigwa alama ya X, na kinachoandikwa ni jina la mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Lakini kwa kawaida fidia hufuata ardhi na jengo. Bibi aliyepanga chumba cha uani, na kodi ya miezi sita ameshalipa, hubaki na taarifa ya kuhama tu. Akitafuta chumba jirani anakuta mtaa mzima unatafuta, na kodi imepanda.

Katika falsafa tunafundishwa kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Sawa, ila asiyeandikwa popote utampa vipi?

Magomeni Kota, Dar es Salaam, wakazi walikuwa wapangaji. Waliondolewa, nyumba zikabomolewa, wakatawanyika kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia akazindua nyumba 644 kwa ajili ya kaya 644. Kaya hizo zilikuwa zinahesabika, kwa hiyo ahadi ilikuwa na wadai.

Jumuiya ndogondogo zinaweza kazi hii kuliko ofisi yoyote, maana zinajua nani analala wapi. Kabla mthamini hajafika, tuandike kila chumba: nani anaishi, tangu lini, nani mgonjwa, watoto wanasoma wapi. Asiye na mkataba asaidiwe kupata barua ya serikali ya mtaa. Risiti za kodi zisitupwe. Wamiliki nao wakumbushwe kwamba, kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, tathmini isiyolipwa kwa miaka miwili inakwisha nguvu. Na daftari lisiwe la Wakatoliki peke yao. Jirani Mwislamu anabomolewa siku ileile.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), anataka wanaohamishwa wapewe taarifa mapema, wapate makazi ya heshima ya kuchagua, na washiriki katika maamuzi. Mwenyekiti wa jumuiya akienda na daftari hilo kwenye mkutano wa mtaa, ana cha kuuliza. Na bibi akihamia Chanika au Kivule, ampigie simu mwenyekiti wa kule kabla gari la mizigo halijaondoka.