Mkojo Unaochoma: Ya Kurithi na ya Kila Siku (Sehemu ya Pili)

Pale Kisian, barabara itokayo Kisumu inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Maseno na Busia, mwingine Bondo, nilizungumza na mama mmoja anayeuza omena. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na chupa ya maji chini ya meza yake bado imejaa pomoni. Nikamuuliza mbona hanywi. "Mwalimu, nikinywa nitaenda haja wapi? Choo kiko mbali, na hizi omena nimwachie nani?" Kisha akanong'ona kwamba mkojo unamchoma, mara ya tatu mwaka huu, na mumewe ameanza kumshuku.

Juma lililopita tulieleza jinsi Escherichia coli, bakteria anayeishi utumbo mpana bila fujo, anavyopanda hadi kwenye kibofu na kuleta maradhi ambayo wengi wetu huyaita UTI. Leo tuulize kwa nini humwandama huyu na kumwacha yule.

Maumbile ndiyo ya kwanza. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4, wa mwanamume karibu 20, na mlango wa ule wa mwanamke uko jirani na njia ya haja kubwa. Safari ya bakteria kwa mwanamke ni fupi mno.

Lakini hata kati ya wanawake kuna tofauti. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwalinganisha wanawake vijana wanaougua mara kwa mara na wasiougua hivyo. Aliyekuwa na mama aliyewahi kuugua, au aliyeugua kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15 au chini, alikuwa hatarini zaidi. Bakteria hawa wana vinyweleo vyenye ncha za kunasa sukari fulani zilizo juu ya seli za njia ya mkojo, na baadhi ya sukari hizo hupangwa na jeni zilezile zinazopanga makundi ya damu. Wapo pia watoto waliorithi uhaba wa vipokezi vinavyoziita chembe nyeupe za damu zije kupigana. Hao maambukizi huwafika hadi kwenye figo.

Kwetu Nyanza kuna urithi mwingine. Hapa Kisian ndipo kilipo kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambacho kwa miaka mingi kimechunguza malaria, na mwaka 2002 takwimu za watoto wa Asembo, upande wa huko Bondo, zilionyesha kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa na malaria kali. Kinga hiyo ina gharama yake. Aliyerithi jeni mbili ni mgonjwa, na figo zake huumia mapema: sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa humo, mkojo ukakosa kukolea. Wengu nao ukishadhoofika, bakteria walioanzia kwenye mkojo huweza kuingia katika damu. Mtoto wa selimundu mwenye homa apimwe mkojo pia, asipimwe malaria peke yake.

Hata mwenye jeni moja anaweza kukojoa damu pasipo maambukizi yoyote. Nalisisitiza hili kwa sababu ufuoni mwa ziwa, damu ikionekana, watu husema haraka ni kichocho. Kichocho cha ziwani kwa kawaida hushambulia utumbo na ini. Kile cha kibofu kimezoeleka zaidi Pwani, kama Kwale na Tana River. Damu katika mkojo ina sababu nyingi, na maabara ndiyo hukata shauri.

Sasa turudi kwenye ile chupa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na kunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kwa mwaka mzima. Waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao, mara 3.2. Mkojo unaotoka mara nyingi huwasukuma bakteria nje kabla hawajashika. Kwa hiyo choo safi karibu na soko ni kinga kama dawa ilivyo kinga.

Ujauzito, kisukari na kukoma hedhi huongeza hatari pia. Mjamzito anaweza kuwa na bakteria bila maumivu yoyote, kisha figo zikaambukizwa na uchungu ukaanza kabla ya wakati. Ndiyo maana mkojo hupimwa kliniki.

Tendo la ndoa nalo huwasukuma bakteria kuelekea kibofuni, hata kwa wawili walioaminiana maisha yao yote. Bakteria hao ni wa mwili wa mwanamke mwenyewe. Enyi waume, mkojo kumchoma mkeo si ushahidi wa zinaa. Mpelekeni hospitali, msimhukumu.

Wala msimnunulie vidonge viwili vitatu vya antibiotiki dukani: dozi isiyokamilika huwaacha hai bakteria sugu. Apimwe kwanza. Aachilie mkojo wa mwanzo, akinge wa katikati katika chupa safi, na ufikishwe maabara mapema. Akiwa na homa, kutapika au maumivu ya ubavuni, msingoje kukuche.