Twende Tukaione Mafia

Ndugu msomaji, je, umewahi kufika Mafia? Ni kisiwa cha Mkoa wa Pwani, katika Bahari ya Hindi. Kipo mbele ya mahali ambapo mto Rufiji unaingia baharini. Ukitoka Nyamisati kwa chombo, utashukia Kilindoni, makao makuu ya Wilaya.

Kuanzia Oktoba hadi Machi, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani. Lakini usiogope. Potwe hali watu. Chakula chake ni vijidudu vya baharini na samaki wadogo sana.

Toka Kilindoni, uvuke kisiwa mpaka kijiji cha Utende. Hapo panda mashua uende Chole. Huko utaona popo wakubwa wakining'inia mitini mchana kutwa.

Jirani na Chole ni kisiwa cha Juani. Hapa pana magofu ya Kua. Zamani Kua ulikuwa mji wa nyumba za mawe na misikiti. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliuvamia. Mji ukaharibiwa, watu wengi wakatekwa. Leo kuta zimebaki kati ya miti. Ukifika, usichukue hata jiwe moja. Kuta hizo ni kumbukumbu yetu.

Kusini yake kuna kisiwa cha Jibondo. Ardhi yake ni mawe, na maji matamu ni ya shida. Wenyeji ni wavuvi na mafundi hodari wa kuunda vyombo.

Katika fukwe za Juani, kasa hupanda usiku kutaga mayai. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Kasa mdogo huchukua miaka mingi mpaka naye atage. Basi, anayefukua mayai hula siku moja, na hasara ni ya miaka mingi. Anayevua kwa baruti pia huua samaki wachanga na kuvunja matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki. Kesho atavua nini?

Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini Tanzania. Lakini sheria peke yake haitoshi. Mlinzi wa kwanza wa bahari ni mwanakijiji mwenyewe.

Je, kijijini kwako kuna mali gani ya kulinda? Zungumza na wenzako.