Kipaji Hakichagui Ukoo

Na Mwandishi Wetu, Babati

Ndugu msomaji, ukipita mnadani hapa Babati, watazame akina mama wa Kibarbaig. Shaba inang'aa mikononi mwao: bangili na pete zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyezifua?

Ni mhunzi. Yeye hukusanya kufuli mbovu, misumari na vyuma chakavu ambavyo wewe na mimi tumevitupa, akavitia katika moto wa makaa unaopulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Katika takataka hizo hutokea pambo la mwanamwali, mkuki wa mfugaji, na hata mshale wa mwindaji wa Kihadzabe kule Ziwa Eyasi.

La kusikitisha ni kwamba, kwa mila, mhunzi huyo amedharauliwa. Miongoni mwa Wadatoga, ambao Wabarbaig ni tawi lao, wahunzi ni ukoo wa peke yao, na kuoana nao kumekuwa mwiko. Watu huivaa kazi ya mikono yake, lakini binti yao hawampi.

Sisi tunaoyaamini Maandiko Matakatifu hatuna budi kulitafakari jambo hili. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kuwa mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, naye Mungu huyo twakutana naye kwanza akiwa kazini, akiumba. Hakuna ukoo uliobaguliwa katika mfano huo. Aidha, katika Kutoka sura ya 31, aliyejazwa roho ya Mungu ili atengeneze hema ya kukutania hakuwa mfalme wala kuhani. Alikuwa Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha na shaba. Sura ya 35 yawataja pia wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao. Naye Mwokozi, kama aelezavyo Marko, alijulikana kwao kuwa seremala, na kwa sababu hiyo watu wa kwao wakachukizwa naye.

Pengine utasema, "Lakini mimi sina kipaji." Wahenga walinena: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Si wote watakaoshika nyundo, lakini pasipo mvukutaji moto huzimika. Mama anayebuni mlo kwa kidogo kilichobaki jikoni, na mkulima anayekinga udongo wake usichukuliwe na maji katika miteremko ya Kwaraa, nao wanaumba.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo mwanao akikuletea ng'ombe aliyemfinyanga kwa udongo, usimkaripie kwa ajili ya matope yaliyo nguoni. Muulize ng'ombe huyo anaitwa nani. Na siku utakapokutana na mhunzi mnadani, usimlipe tu ukaenda zako. Mpe mkono, umwulize habari za nyumbani kwake.