Ilhamu I Mlangoni: Mwanamke wa Pwani na Sanaa ya Kila Siku



Neno "msanii" likitajwa siku hizi, wengi wetu humfikiria mwimbaji aliye jukwaani, au mchoraji ambaye picha zake zimetundikwa katika kumbi za miji mikubwa. Ni nadra mtu kumfikiria mama aliyeketi barazani na chane za ukindu mapajani, au binti anayechora hina viganjani mwa bibi harusi hadi usiku wa manane, au mzee wa Lamu anayeshona viua vya kofia kwa sindano nyembamba. Hawa tumezoea kuwaita mafundi, na mara nyingine husemwa tu kwamba "wanajishughulisha". Makala haya yanakusudia kuwaita kwa jina wanalolistahiki. Hao ni wasanii, na maisha yao yana funzo kubwa kwa kila mwenye kipaji anayeketi akingojea ilhamu imshukie.

Funzo lenyewe ni hili: ilhamu haitoki mbali. Hutoka katika yale yaliyotuzunguka, kwa sharti kwamba jicho limezoeshwa kuyatazama na mkono haukuacha kazi.

Mama aliyetunga akiwa mgonjwa

Ushahidi wa kwanza tunao katika historia yetu. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alitunga utendi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Wakati huo alikuwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Tutazame alichokuwa nacho. Hakuwa na safari ya kusimulia wala vita vya kusifu. Alikuwa na nyumba, maradhi, imani, na mtoto wa kike aliyekaribia kubaki bila mama. Kutokana na hayo alitunga juu ya ibada, adabu, usafi, unyumba na heshima kwa watu, kisha akamalizia kwa dua. Leo wasomaji wanaweza kujadiliana kuhusu baadhi ya nasaha zake, na wanajadiliana kweli, lakini hakuna anayekana kwamba ni kazi ya mshairi aliyekomaa. Zaidi ya miaka 160 imepita na utendi wake ungali unasomwa nyumbani na kufundishwa katika vyuo vikuu.

Kwa hiyo mama asemaye, "Mimi sina la kuandika, siku zangu zote zapita jikoni na kwa watoto," na amkumbuke Mwana Kupona. Hayo hayo ndiyo yaliyokuwa mtaji wake.

Jicho linalochagua

Leso nayo ina jambo la kutufunza. Jina lake lina asili ya Kireno, na husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono vilivyotiwa nakshi, wakavishona pamoja sita sita, wakapata vazi pana lisilofanana na lolote lililokuwa sokoni. Wafanyabiashara walipoona uzuri wa ubunifu huo, ndipo walipoagiza nguo nzima iliyochapishwa kwa mtindo ule. Ubunifu, basi, ulianzia katika mkono wa mwanamke mwenye sindano, na kiwanda kikamfuata.

Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno machache yaliyoandikwa chini ya mji. Hapo awali majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kabla ya herufi za Kilatini kuenea. Katika Mtaa wa Biashara mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limejulikana kwa vizazi kadhaa kwa leso zenye chapa "Mali ya Abdulla".

Ukizitazama leso kwa utulivu utaona namna jicho la msanii linavyofanya kazi. Korosho, kitu tunachokitafuna bila kukitazama, imekuwa nakshi mashuhuri. Maua, majani na matunda yamepata nafasi katika mji na pindo. Rangi tatu za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, zinatosha kumwambia kila mtu kwamba pana harusi. Na jina la leso ni somo la ufupi: yule aliyelitunga alikuwa na maneno manne au matano ya kusemea mapenzi, shukrani, kijembe au subira. Asiyeweza kulisikiliza neno la barazani akajua lipi lina uzito na lipi ni povu hawezi kutunga jina la leso.

Hii ndiyo maana ya jicho lililozoeshwa. Wote tunapita mbele ya mlango mmoja, lakini mmoja wetu husimama akaona jinsi ua lililochongwa linavyojizungusha juu ya kizingiti. Huyo si lazima awe na kipaji kutushinda sote. Huenda tofauti yake nasi ni kwamba alisimama.

Mipaka iliyofungua milango

Wako vijana wanaodhani kwamba adabu za dini humbana msanii. Historia ya Pwani inaonyesha sura nyingine. Kwa kuwa wazee wetu walijihadhari na sura za viumbe wenye roho, hasa katika kazi za ibada, walizielekeza nguvu zao kwenye majani, maua, mistari na maandishi, wakafika mbali. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilipambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na hadi leo wataalamu wa maandishi ya Kiislamu huisoma kwa makini. Milango ya Lamu na zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa katika kuta za nyumba za mawe ni miongoni mwa mambo yaliyoufanya mji huo mkongwe uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Aliyenakili msahafu hakuwa akitafuta sifa. Alitaka kazi iwe safi na kamili, maana dini yetu imetuhimiza kwamba mja akifanya jambo alifanye kwa ukamilifu. Nia ya namna hiyo humsaidia msanii kuliko shauku ya kupendwa na watu, kwa sababu watu hubadilika kila msimu.

Kazi huitangulia ilhamu

Mwulize msusi wa mikeka kama yeye hungoja moyo umpende ndipo asuke. Atacheka. Majani ya mkindu yakishakatwa, hukaushwa juani, huchanwa chane nyembamba zilizolingana, na nyingine hutiwa katika maji ya moto yenye rangi. Zamani weusi ulipatikana kwa mizizi ya mdaa, na leo rangi nyingi ni za unga kutoka dukani. Kisha huanza kusuka ukili, mkanda mwembamba ambao hurefuka siku baada ya siku, ukiviringishwa kadiri unavyokua. Ukili ukitosha, mishono huunganishwa hadi mkeka ukamilike.

Uzuri wa ukili ni kwamba unaweza kuwekwa chini wakati wowote. Mtoto akilia, mama huuweka. Chungu kikichemka, huuweka. Adhana ikisikika, huuweka. Akirudi, mkono unajua ulipoachia. Mkeka mzima hutengenezwa katika vipande vya muda ambavyo wengine tungesema havitoshi kitu. Haba na haba hujaza kibaba.

Na humo ndani ya kusuka ndimo mawazo mapya yanamozaliwa. Chane ya zambarau ikiisha, mama huingiza ya kijani, akaona kwamba nakshi imependeza zaidi. Laiti angaliketi akingoja wazo hilo limjie kabla ya kuanza, lisingalimjia kamwe.

Mchora hina na thamani ya mkono

Katika sanaa zote za wanawake wetu, hakuna inayotafutwa kama hina, na labda hakuna inayodharauliwa kwa bei kama hiyo hiyo. Majani ya mhina hukaushwa, husagwa, huchekechwa kwa kitambaa laini, hukandwa kwa maji ya ndimu na kuachwa saa kadhaa yatoe rangi. Ikiondolewa mkononi huacha rangi ya chungwa, ambayo hukolea kwa siku moja au mbili ikawa ya kahawia iliyoiva. Ndiyo sababu mchoraji mjuzi hataki kumchora bibi harusi saa chache kabla ya sherehe.

Hapa inafaa tutoe tahadhari. Hina halisi haitoi weusi wa makaa. Piko ya haraka haraka mara nyingi huwa ni dawa ya kupakia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Kemikali hiyo inaweza kuunguza ngozi, ikaleta malengelenge na makovu, na ikamwachia mtu mzio wa maisha. Watoto wasipakwe kabisa. Msanii anayejua anachotia ndani ya koni yake, na akakataa fedha za kazi yenye madhara, analinda ngozi ya mteja na jina lake pia.

Jambo la pili ni michoro. Simu zimetuletea nakshi za Dubai, India na Morocco, na si vibaya kujifunza. Lakini binti anayenakili kila siku bila kuongeza lake, atafika mahali ambapo mkono unajua na moyo haujui. Dawa yake iko karibu: atazame pindo la leso ya bibi yake, jani la mwarobaini, nakshi ya mlango wa msikiti wa mtaani, kisha achore. Baada ya muda watu watasema, "Hii ni kazi ya fulani," hata kabla ya kuambiwa.

Jambo la tatu ni malipo. Tunasema kizuri chajiuza, nasi hatukukosea. Ila aliyekitengeneza hana budi kukipigia hesabu. Tuchukue mfano. Mama amesuka mkeka kwa jumla ya saa 60, akauuza shilingi 3,000. Ukindu na rangi vilimgharimu shilingi 600. Zimebaki shilingi 2,400, yaani shilingi 40 kwa kila saa ya mkono wake na macho yake. Mnunuzi anayemshika mkono akimwomba apunguze "kidogo tu", na asali kwanza juu ya hesabu hiyo. Twapenda kusema kwamba sanaa zetu zinapotea. Sababu moja ni kwamba tunavipenda vilivyotoka mikononi, na hatuwathamini wenye mikono.

Nafasi ndani ya nyumba

Msanii wa nyumbani hahitaji mengi ili aendelee. Kwanza, awe na daftari dogo. Neno zuri alilosikia harusini, umbo la kivuli ukutani, rangi ya bahari baada ya mvua, vyote na aviandike au avichore kabla havijasahaulika. Pili, ajitengee muda mfupi usiobadilika, hata kama ni nusu saa baada ya Alfajiri, na watu wa nyumbani wauheshimu kama wanavyouheshimu muda wa kazi nyingine yoyote. Tatu, amtafute aliyemtangulia. Wako bibi zetu ambao wanazijua nakshi za ukili kwa majina na namna ya kuzihesabu chane zake, na elimu hiyo haijaandikwa popote. Kila jeneza linalotoka mitaani kwetu huenda limebeba darasa ambalo hakuna aliyelihudhuria.

Nao wazazi wana sehemu yao. Mtoto wa kike akijaza pambizo za daftari kwa maua, maneno ya kwanza anayoyasikia humkaa. Akiambiwa, "Wacha kupoteza wakati, soma," hujifunza kwamba uzuri na elimu ni maadui. Akiambiwa, "Maliza hesabu zako, kisha nionyeshe ulichochora," hujifunza kwamba vyote viwili vina mahali pake. Maneno hayo ya pili hayatuzidishii gharama yoyote, na huenda ndiyo yatakayoamua kama nyumba yetu itatoa msanii au mtu aliyewahi kupenda kuchora.

Wala tusiwasahau kina mama waliokwisha kulea. Wengi walikiweka kipaji kando walipoolewa, wakadhani kimeoza. Ukili ukiwekwa chini hauozi, hungoja mkono. Waliokuwa wakitunga mashairi ya harusi, waliokuwa wakishona viua, waliokuwa na hati nzuri ya Kiarabu, na warudi kwenye kazi zao. Wajukuu wanatazama.

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametujaalia pwani yenye uzuri usiokwisha, na akatupa macho ya kuuona. Tumwombe atupe na subira ya kuutumikia, na aibariki mikono ya wote wanaotupambia nyumba zetu, harusi zetu na Idi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.