Nani Alisema Noeli ni Nyekundu na Kijani?

Mvua ya Novemba ikishashika, swali huja. Huja na mama wa kwaya, huja na karani wa kampuni, huja na kijana aliyeanza kuchora kwenye simu juzi tu: "Papa, zile rangi za Noeli unazo?" Nikiuliza ni zipi, natazamwa kama mtu asiyebatizwa. Nyekundu na kijani, Papa! Halafu kengele, theluji kidogo, na yule mzee wa ndevu. Na nyekundu iwe nyekundu kweli, iwake.

Ninazo. Kila mchapaji hapa Lubumbashi anazo. Lakini anayeuliza rangi "zile" za Noeli anadhani sikukuu ilizaliwa ikiwa imevaa, na kwamba kazi ya mchora kadi ni kuikabidhi nguo zake kila mwaka. Sikukuu haikuzaliwa na rangi yoyote. Tulivumilie jambo hili hadi mwisho, kwa sababu mwaka ujao sina nguvu za kulieleza tena.

Tuanze kanisani, maana huko ndiko wateja wangu hukimbilia nikiwabishia. Nendeni misa ya mkesha kwenye Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, mtazame mabega ya padri. Amevaa nyeupe, au dhahabu. Majuma ya Majilio yaliyotangulia alivaa zambarau. Nyekundu ataivaa tarehe 26, kwa ajili ya Stefano aliyepigwa mawe, na tena tarehe 28 kwa watoto waliouawa na Herode. Kijani kitarudi Januari, baada ya Ubatizo wa Bwana. Kwa kalenda ya kanisa, basi, kadi yako nyekundu imewahi siku moja na ya kijani imewahi zaidi ya majuma mawili. Ukitaka kadi inayotii altare, nitakuchapia nyeupe na dhahabu. Hakuna aliyewahi kuniagiza hiyo kwa sababu hiyo.

Hoja ya pili huwa ni ya mzee wa ndevu: mbona yeye amevaa nyekundu? Na hapo kijana wa simu huingilia kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba nyekundu ile ililetwa na Coca-Cola. Hapana. Haddon Sundblom alianza kuchora matangazo ya kampuni hiyo mwaka 1931, na picha zake zilimweneza yule mzee duniani kweli kweli. Lakini Thomas Nast alikuwa amekwisha kumchora kwenye magazeti ya Marekani tangu miaka ya 1860, na suti nyekundu ilikuwa imezoeleka kabla Sundblom hajashika brashi. Nikolao mwenyewe, askofu wa Myra ambaye mzee huyo ametokana naye, wachoraji wa Ulaya walimvika joho jekundu la kiaskofu karne nyingi kabla ya soda yoyote. Hilo ni vazi la mtu mmoja, lakini. Halimlazimishi mtoto Yesu, wala punda, wala bahasha.

Jozi yenyewe inaelekea kuwa na asili isiyo na fumbo lolote. Katika baridi ya Ulaya miti hupukutika, nje hubaki kijivu na nyeupe, na kimti kimoja chenye majani ya miiba hubaki kibichi na vitunda vyake vyekundu. Watu wakakata matawi yake wakapamba nyumba. Walichukua rangi zilizokuwa nadra dirishani kwao. Sasa fungua dirisha la Lubumbashi mwezi Desemba. Mvua imenyesha tangu mwezi uliopita, majani yamefika kiunoni, udongo ni mwekundu hadi kwenye soksi, na miflamboyanti inamwaga maua mekundu barabarani (Watanzania wengine huuita mti huo mkrismasi, na wana haki). Kijani na nyekundu tunavyo vya kumwaga. Kilichokuwa nadra kule, huku hakimshtui mtu. Na theluji? Theluji naiacha, nina shinikizo la damu.

Wala kadi zenyewe hazikuanza hivyo. Ile inayotajwa kuwa kadi ya kwanza ya Noeli kuuzwa ni ya London, 1843: Henry Cole aliiagiza, John Callcott Horsley akaichora, ikachapwa kwa wino mmoja, kisha kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono. Ilileta ugomvi, lakini si wa rangi. Watu walikasirika kuona familia inakunywa mvinyo pamoja na mtoto. Louis Prang wa Boston, aliyefanya kadi kuwa biashara kubwa Marekani miaka ya 1870, alichapa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, na kadi zake nyingi zilikuwa za maua tu. Waridi. Na watu walinunua.

Niongeze jambo la hapa hapa, kwa sauti ndogo. Ukiweka nyekundu, kijani na nyeupe kwenye karatasi moja Katanga, wazee wetu hawakumbuki Noeli kwanza. Wanakumbuka bendera ya Katanga iliyojitenga, iliyopepea hapa kati ya 1960 na 1963, yenye misalaba mitatu ya shaba. Wako watakaotabasamu na wako watakaonuna. Je, ule ukurasa wa mtandao uliokufundisha kwamba nyekundu ni upendo na kijani ni matumaini ulikuambia hilo? Pwani ya Waswahili, nyekundu, nyeupe na nyeusi pamoja ni kanga ya kisutu, ya bibi harusi. Nyeupe tupu pwani hiyo hiyo inaweza kuwa ya mjane aliye edani. Zile orodha za "maana za rangi" zichaneni.

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo fedha zenu zinapopotelea.

Mwaka 1824 Michel-Eugène Chevreul, mkemia, alipewa idara ya rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alizipima, akakuta nyeusi haina kasoro. Kasoro ilikuwa jirani: nyeusi ile ilifumwa kando ya buluu na zambarau, na jicho likaiona chafu. Akaandika kitabu kizima juu ya hilo, kikatoka 1839. Tangu hapo hakuna udhuru. Rangi hubadilika kwa jirani yake, na ukiniambia "nyekundu hii imekufa, ongeza wino", karibu kila mara nyekundu ni nzima na aliyeiua ni jirani uliyemweka kando yake.

Nyekundu na kijani zinazopendwa kwenye kadi mara nyingi zina giza sawa. Zipige picha, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe: utaona kijivu kimoja. Jicho letu husoma herufi kwa tofauti ya mwanga na giza kabla ya kujali ni rangi gani. Kwa hiyo "Noeli Njema" ya nyekundu juu ya kijani hucheza, hutetemeka, na bibi huisogeza mbali, kisha karibu, kisha humpa mjukuu amsomee. Kuna pia wanaume ambao macho yao hayatengi nyekundu na kijani vizuri; hili hurithiwa, na huwapata wanaume zaidi ya wanawake. Kadi uliyomlipia baba mkwe inaweza kumfikia kahawia juu ya kahawia, na yeye kwa adabu asiseme kitu.

Mtambo nao una mambo yake. Ndani ya mtambo wa kawaida hatuna wino wa kijani wala wa nyekundu. Tuna siani, majenta, njano na nyeusi. Nyekundu yako ni majenta na njano, kijani chako ni siani na njano. Zikipandana, zote tatu zinakutana na unapata tope. Zikiachana hata upana wa unywele, unapata mstari mweupe kuzunguka kila herufi. Nyekundu inayowaka kwenye kioo cha simu inawaka kwa sababu kioo kinatoa mwanga. Karatasi haitoi mwanga, hurudisha tu ule wa chumbani.

Na hapo ndipo hutolewa dawa ya mitaani, ile inayonitoa pumzi: "Basi ongeza dhahabu, Papa." Kadi imekosa nguvu, ongeza dhahabu. Maandishi hayasomeki, yawe ya dhahabu. Dhahabu ya kwenye picha ya simu ni rangi ya haradali iliyopakwa kivuli. Nikiichapa kwa wino nne, inatoka haradali. Dhahabu ya kweli ni wino wa metali au karatasi ya foili inayobandikwa kwa joto. Ina gharama yake, nayo hung'aa pale tu mwanga unapoipiga kwa pembe nzuri. Kwa pembe nyingine hufifia. Kwa hiyo umechukua herufi ambazo hazikusomeka ukazifanya zisisomeke kwa bei kubwa. Wengine humwaga vimetameta juu yake. Vimetameta hukaa kwenye kochi la mpokeaji hadi Pasaka, kadi yenyewe ikiwa imeshasahaulika.

Wanaotuma kadi kwa simu tu, bila karatasi, wasinicheke. Programu za ujumbe hubana picha, na mfumo wa JPEG kwa kawaida huhifadhi mwanga kwa undani zaidi na kupunguza habari za rangi. Herufi nyekundu juu ya kijani, ambazo tofauti yake ni ya rangi peke yake, ndizo za kwanza kuumia. Baada ya kupitishwa kwenye makundi matatu, zimekuwa ukungu.

Mnataka ubunifu? Mji huu umewahi kufundisha dunia. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa, enzi za Élisabethville, ikaitwa Le Hangar. Aliwakataza wachoraji wake kuiga michoro ya Ulaya. Pilipili Mulongoy alijaza uwanja wote wa picha kwa nukta na majani, kisha ndege au samaki akatokea katikati bila kuhangaika. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vifupi, na mara nyingi alitosheka na rangi za udongo: kahawia, oka, nyeusi. Angalieni kazi za Mwenze. Rangi tatu, na picha inanguruma, kwa sababu giza na mwanga vimepangwa kabla ya rangi kuchaguliwa. Kadi ya Bonane (Mwaka Mpya) ya namna hiyo ningeichapa kwa furaha hata usiku.

Na rangi za kuanzia zimejaa. Kijani cha malakaiti, jiwe letu. Weusi wa mlima wa takataka za kiwanda cha shaba, ambao kila mtoto wa hapa huuchora anapochora mji wake. Rangi ya machungwa ya uyoga wa miombo unaouzwa kandokando ya barabara wakati wa mvua. Njano ya embe. Kijivu cha wingu la saa tisa alasiri kabla halijapasuka.

Haya, chaguzi zenu, upesi. Chagua rangi moja ichukue sehemu kubwa ya kadi, ya pili iwe kidogo, ya tatu iwe tone. Lazima iwe nyekundu na kijani? Moja iwe nzito sana, nyingine nyepesi sana, na weka nyeupe katikati zisigusane. Maandishi yawe meusi au ya rangi nzito juu ya nyepesi. Maandishi madogo yachapwe kwa wino mmoja. Huna fedha? Wino mmoja wa kahawia juu ya karatasi ya njano hafifu hushinda rangi nne juu ya karatasi mbaya. Unazo kidogo? Weka fedha kwenye karatasi nzito na bahasha ya rangi, kadi ibaki na wino mbili. Unataka dhahabu? Foili, mahali pamoja, padogo, pasipo na maneno ya kusomwa. Kadi za Idd: fuata haya haya, kijani hakikuamriwa. Kadi ya simu: herufi kubwa, nyeupe juu ya giza, na ijaribu kwa kujitumia mwenyewe kwanza. Kabla ya kuniletea chochote, ione bila rangi. Ikisomeka kijivu, njoo nayo. Na uombe nakala ya mfano juu ya karatasi ile ile tutakayotumia, uitazame kwenye mwanga wa mchana, nje, si chini ya taa yangu.

Kazi zije kabla ya tarehe 10 Desemba. Hewa ya mvua huchelewesha wino kukauka, na nyekundu nzito iliyorundikwa mbichi hupaka mgongo wa kadi iliyo juu yake.